Sura ya Sita: Kware Amevuka Waya

Hutokea asubuhi, wakati wa kubadilisha maji. Mlango wa banda umefunguliwa kiasi cha kupitisha bega, mkono mmoja umeshika ndoo na mwingine chombo, mara mbawa zinavuma, kitu cha rangi ya udongo kinapita chini ya kwapa na kutua ng'ambo ya ua. Kware mmoja ametoka. Iwe ni Nkuhungu, Ilazo au Kisasa, mitaa ya Dodoma, kinachofuata kinajulikana. Watoto wanaitana, jirani anashika ufagio, mbwa anaanza kubweka, na ndege aliyekuwa mita 10 kutoka bandani anafukuzwa mpaka mita 200.

Hapo ndipo kosa kubwa linapofanyika. Lile la mlango lilikuwa dogo.

Kware wa kufugwa ni ndege wa ardhini. Hana kiota juu ya mti wala tawi la kulalia, na hana kumbukumbu ya njia kama njiwa, anayeweza kupelekwa mbali akarudi. Mbawa zake zimeumbwa kwa kazi moja: kumrusha ghafla, wima, mbali na jino la adui. Akisharuka mara mbili tatu anakuwa amechoka, na kinachobaki ni miguu na rangi ya manyoya yake. Hujibanza chini ya kichaka, chini ya mabati yaliyoegemezwa ukutani au nyuma ya matofali, akatulia kimya kabisa. Mtu anaweza kumpita kwa hatua moja asimwone. Kadiri anavyofukuzwa ndivyo anavyojificha zaidi, na ndivyo anavyotoka nje ya eneo ambalo sauti za wenzake zinamfikia. Sauti hizo ndizo kamba pekee inayomfunga na nyumbani.

Jina lake lenyewe lina utata kidogo. Waswahili wengi wakisema kware au kwale humaanisha wale ndege wakubwa wa porini wanaokimbia pembezoni mwa barabara za vumbi alfajiri, wenye mwili kama wa kuku mdogo. Biblia ya Kiswahili iliwapa jina la kware wale ndege walioangukia kambi ya Waisraeli jangwani, na pengine ndiyo sababu wafugaji walipoletewa huyu mdogo hawakuhitaji jina jipya. Huyu wa bandani ni kware wa Kijapani. Jike anayetaga ana uzito wa gramu 120 hadi 150 hivi, na yai lake lina gramu 10, kwa hiyo inabidi kuvunja matano kupata ujazo wa yai moja la kuku.

Wajapani walianza kumfuga karne nyingi zilizopita kwa ajili ya sauti yake. Madume walithaminiwa kwa kuwika kwao. Ni mwanzoni mwa karne ya 20, kama mwaka 1910, ndipo walipoanza kuwachagua kwa ajili ya mayai, na Vita Kuu ya Pili ikakaribia kufuta kazi yote hiyo. Baada ya vita mifugo ilijengwa upya kutokana na ndege wachache waliosalia. Uchaguzi huo ulimpa mfugaji jike anayeanza kutaga akiwa na wiki sita hadi nane. Ulimnyang'anya jike huyo, kwa upande mwingine, hamu ya kulalia. Majike wengi wa leo hutaga walipo na kuondoka. Mayai huanguliwa kwa mashine, siku ya 17 au ya 18, na anayetoka humo ana gramu sita hadi nane tu. Kifaranga wa namna hiyo hupenya kwenye waya wa kawaida wa kuku bila hata kuinama.

Kwa hiyo aliyetoroka hana anakokwenda. Hilo ni tofauti na ndege wengine wa tunduni, na mfano mzuri umetoka hapa hapa nyanda za kati. Kasuku wadogo wenye kola ya njano shingoni ni wenyeji wa Tanzania ya ndani, Dodoma ikiwamo. Wamo kwenye mibuyu na migunga tangu kale. Walipokamatwa kwa biashara na kupelekwa mijini, baadhi waliponyoka, na leo wamo Dar es Salaam na Nairobi, wakizaliana kwa uhuru. Karibu na Ziwa Naivasha, nchini Kenya, walichanganyika na kasuku wa Fischer, naye mwenyeji wa Tanzania, na watoto wao chotara sasa ni jambo la kawaida huko. Kasuku hawa huruka kwa makundi, hutaga ndani ya matundu ya miti na hufuata maji kwa mbali. Kware hana hata moja katika hayo. Visiwani Hawaii, ambako aliachiwa mwaka 1921, alishika makazi. Katika bara la Marekani waliachiwa kwa mamia ya maelfu miaka ya 1950, kwa matumaini ya wawindaji, nao wakatoweka.

Sasa huyo mmoja wa Nkuhungu. Kama ni kiangazi, Julai au Agosti, upepo mkavu wa Dodoma umekwisha kupangusa majani, na mahali pa kujificha ni pachache. Jiji liko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, hupata msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na mvua yenyewe ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Ndege wa ardhini mwenye kiu atatafutwa penye unyevu: chini ya bomba linalovuja, kwenye tuta la mchicha, kando ya karo. Wakati wa masika hesabu hubadilika. Majani yanafika kiunoni, mashamba ya uwele na mtama yanaanzia nyuma ya nyumba, na kumtafuta kwa macho ni kupoteza siku.

Walio na uzoefu humtafuta kwa masikio.

Watu wa Siaya, magharibi mwa Kenya, wanalijua hilo kuliko wote. Huko kuna kware mwingine, wa porini, dume wake mwenye kifua cheusi na ubavu wa hudhurungi, ambaye Waluo humwita aluru. Huyu hufuata mvua barani Afrika, na hufika Tanzania pia nyasi zinapokuwa na mbegu. Wategaji wa Siaya hawamkimbizi. Hufuma vikapu vidogo, ndani ya kila kimoja wakaweka ndege hai, kisha wakavipanga juu ya mti mrefu uliosimikwa shambani, kimoja juu ya kingine, mfano wa shanga kwenye uzi. Chini yake hutandaza tanzi za nyuzi. Ndege wa vikapuni huita, wa porini wanaopita usiku husikia na kushuka, na asubuhi mtegaji anapita kukusanya. Kazi yote imefanywa na sauti. Binadamu amesuka vikapu tu.

Mfugaji wa Dodoma hana haja ya tanzi, ila kanuni ni hiyo hiyo. Kwanza banda hufungwa, na waliobaki huachwa watulie. Kisha mmoja wao, au wawili, hutiwa kwenye tundu dogo na kuwekwa karibu na mahali mtoro alipoonekana mara ya mwisho, kivulini, na maji. Aliyetoroka akiwa dume, jike ndiye wa kuwekwa tunduni. Akiwa jike, awekwe dume wake, kwa sababu dume aliyetenganishwa na jike huwika kupita kawaida: mkwaruzo wa silabi tatu, wa mwisho mrefu, usiolingana kabisa na udogo wa mwili. Kuwatofautisha si kazi ngumu, kwani dume ana kifua cha rangi ya kutu kisicho na madoa na jike ana kifua chenye vitone vyeusi.

Saa za kusikiliza ni mbili: kabla jua halijapanda na kabla halijazama. Mchana kati wote hunyamaza, mtoro na wenzake.

Kando ya tundu hutegwa tenga. Lile lile la kubebea kuku sokoni linafaa, likiegemezwa kwa kijiti chenye kamba, na chini yake punje za uwele. Uwele una faida mbili katika nchi ya Wagogo: unapatikana kila mahali, na punje yake inaingia vizuri kwenye mdomo wa kware kuliko mahindi yaliyoparazwa. Njia nyembamba ya punje hutangulia kutoka kichakani hadi tengani. Aliyeshika kamba akae mbali na asisimame. Kware huogopa zaidi kinachokuja kutoka juu, kwa sababu anga ndiko anakotoka mwewe. Tenga likishashuka lisifunuliwe. Hupitishwa mkono chini ya ukingo, ndege akashikwa kwa kiganja kizima, mbawa zikiwa zimebanwa na shingo ikipita kati ya vidole viwili. Kumshika mguu ni kumvunja.

Jua likizama kabla hajapatikana, bado kuna nafasi moja. Kware hulala chini na akimulikwa hujibanza badala ya kuruka. Watu wawili wanatosha, mmoja na tochi, mwingine na chandarua kuukuu, wakitembea polepole kando ya ukuta. Ni vema kupiga hodi kwa majirani kwanza. Ukitembea na tochi na chandarua saa tatu usiku kwenye uwanja wa mtu, maelezo kuhusu ndege wa gramu 130 hayaeleweki upesi.

Usiku, lakini, una wenyewe. Paka wa mtaa, kanu na nyoka hutoka saa hizo hizo, na alfajiri nguchiro hupita kwenye mawe. Kunguru wenye kifua cheupe wanaanza zamu jua linapochomoza. Ndiyo maana saa za kwanza zina thamani kuliko siku zinazofuata.

Wapo wanaouliza kama si busara kumwacha aende zake. Swali hilo lilipata uzito baada ya kishindo cha mwaka 2013, Wakenya walipoaminishwa kwamba mayai ya kware yanatibu kisukari, presha na pumu. Watu waliacha kazi, wakajenga mabanda, wakapanga foleni kuomba leseni za Shirika la Wanyamapori la Kenya, maana kisheria kware alihesabika kuwa mnyamapori. Mwaka 2014 soko lilianguka kwa sababu iliyo wazi: kila mnunuzi alikuwa amekwisha kuwa mfugaji. Wimbi hilo lilimwagikia Tanzania pia, na nyumba nyingi zikabaki na ndege kuliko walaji. Kuwafungulia mlango kulionekana huruma. Kwa ndege asiyelalia mayai yake, aliyezoea chakula cha unga chenye protini nyingi na maji ya chomboni, ni hukumu ya siku chache tu. Na pale anapodumu, tatizo ni lingine. Katika Hispania na Italia, kware wa Kijapani walioachiwa kwa ajili ya uwindaji wamezaa na kware wa porini wa Ulaya, na wataalamu wanahofia kizazi cha chotara waliopungukiwa na silika ya kuhama. Mtu asifanye kinyume chake pia: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayekamata ndege wa porini, kwa hiyo tenga la kumrudisha wa nyumbani lisigeuke mtego wa wale wanaopita na mvua.

Tuseme amepatikana, siku ya tatu, amekonda kidogo. Furaha ya watoto ni kumrusha moja kwa moja kwa wenzake. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri, kwa sababu aliyerudi amekuwa mgeni.

Amekuwa mgeni kwa njia mbili. Kwa siku tatu amekula na kunywa pale kuku wa mtaani wanapokula na kunywa, na kuku wa mtaani wana mdondo. Ugonjwa huo, ambao wengine huuita kideri, hupita Dodoma hasa miezi ya ukavu na upepo, ukifagia kuku wa kijiji kizima. Kware huweza kuubeba asionyeshe dalili kubwa, akawapa wengine. Tanzania ina chanjo yake ya matone ya jicho, aina ya I-2 inayovumilia joto kuliko chanjo za kale, na hutumiwa sana kwa kuku wa kienyeji. Anayefuga kware karibu na kuku na awachanje hao kuku kwanza. Kuna pia kuhara kwa koksidia, na kuna ugonjwa wa vidonda vya utumbo ambao kware huathirika nao kiasi kwamba wataalamu waliupa jina la ndege huyo. Dalili ya kwanza mara nyingi ni ndege aliyekufa akiwa amenona.

Kwa hiyo tundu la pembeni, mbali na banda, siku 30. Vyombo vyake pekee, na wa kuhudumiwa mwisho, ili viatu visibebe kitu. Methali humpa mgeni siku mbili kabla ya jembe. Mgeni wa kware anangoja mwezi kabla ya kula na wenyeji. Waliotoka sokoni Majengo, au waliobebwa na basi kutoka Morogoro, wanapewa masharti hayo hayo, hata muuzaji akiapa. Kwa mashaka ya kweli kuna maofisa mifugo wa kata, na mkoa wenyewe una historia ya utabibu wa mifugo ambayo wengi wameisahau: Mpwapwa, kilomita zisizofika 130 kutoka jijini, ilikuwa na maabara ya mifugo tangu mwaka 1905, enzi za Wajerumani, na utafiti wa mifugo unaendelea huko mpaka leo.

Ugeni wa pili ni wa cheo. Kundi la kware lina mpangilio wake wa nani ale kwanza na nani ampishe nani. Siku tatu zinatosha nafasi ya aliyeondoka kuchukuliwa. Akirudishwa ghafla hudonolewa kichwani na mgongoni, na damu ikishaonekana wote hujiunga. Madume ni wabaya zaidi. Dume mmoja kwa majike wawili hadi wanne ndiyo hesabu inayovumilika. Madume wawili katika eneo dogo, mmoja wao akiwa mpya, ni ugomvi wa kuisha kwa mmoja kupofuka.

Dawa yake ni ya bei ndogo: waya. Baada ya mwezi wa karantini, tundu la mgeni linaingizwa ndani ya banda, likakaa katikati ya wenyeji, wiki moja au zaidi. Wanaonana, wanasikiana, wanakula pande mbili za wavu mmoja, na mdomo hauwezi kufika. Ni vikapu vya Siaya vilivyogeuzwa kazi. Kule sauti inamvuta wa mbali aje. Hapa inamzoesha wa karibu akae. Mgeni mmoja peke yake hupata taabu kuliko wawili au watatu, kwa hiyo anayenunua anunue jozi.

Kabla ya kuondoa waya, banda hubadilishwa sura. Matofali yanahamishwa, matawi ya mkwaju au magunia yanatundikwa kona mpya, vyombo vya chakula vinaongezwa kuwa viwili au vitatu vilivyoachana. Wenyeji wanapopoteza ramani yao, kwa siku moja au mbili wote ni wageni. Waya huondolewa jioni, mwanga unapofifia, na mfugaji anakuwapo alfajiri. Kufukuzana kidogo ni kawaida. Anayeonewa mfululizo anarudishwa tunduni siku chache zaidi.

Katika siku hizo hizo ndipo dari inapopimwa. Kware aliyeshtuka huruka wima kwa nguvu zake zote, akapasua utosi kwenye bati. Dari iwe chini ya sentimita 30, asipate kasi, au juu ya mita mbili, asifike. Ya katikati ndiyo inayoua. Neti ya kivuli iliyolegezwa chini ya bati huokoa vichwa vingi. Taa nayo ina lawama. Mchana wa Dodoma hauzidi sana saa 12 mwaka mzima, na jike hutaga vizuri akipata saa 14 hadi 16 za mwanga, hivyo wengi huongeza balbu jioni. Balbu inayowaka au kuzimika ghafla, hasa umeme unapokatika, hurusha kundi zima hewani kwa mkupuo, na mlango usiofungwa vema hufunguka. Afadhali mlango uwe na ukumbi mdogo wenye mlango wa pili, hata wa gunia, ili anayeponyoka wa kwanza akutane na wa pili.

Majike huacha kutaga wakihamishwa. Siku kadhaa hupita, pengine wiki mbili, na trei hubaki na mayai ya wenyeji tu. Mfugaji anayeangalia kwa makini anaweza kuyajua moja moja: kila jike ana mchoro wake wa madoa kwenye ganda, anaourudia yai baada ya yai. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, walionyesha kwamba majike wa kware hata huchagua udongo wa kutagia unaolingana na madoa ya mayai yao wenyewe. Bandani hakuna udongo wa kuchagua, kuna maranda na kona ya vumbi jekundu ambamo wote wanaogea. Ndipo asubuhi moja, kando ya kona hiyo, panaokotwa yai lenye mabaka makubwa ya kahawia, ambayo hakuna mwenyeji yeyote aliyewahi kuyachora.